Mtandao wa Saa Kumi

Nyumba yetu ya Chanika nimeijenga kwa jasho langu, na sioni haya kulisema hilo mwanzoni. Nilikaa Uarabuni miaka kumi na miwili nikipanda mapaa yenye joto la kukaanga yai, nikitengeneza viyoyozi vya watu ambao hawakulijua hata jina langu. Huko huko nikasoma masomo ya jioni mpaka nikapata diploma ya ufundi wa majokofu na viyoyozi. Wenzangu wengi walirudi na manukato na hadithi. Mie nilirudi na vifaa vya kazi, nikanunua kiwanja kilichokuwa pori la mihogo, nikasimamisha nyumba ya vyumba vinne. Diploma nikaitia kwenye fremu na kuitundika sebuleni, mahali ambapo mgeni akiketi lazima aione.

Chini ya fremu hiyo, juu ya kabati la vioo, niliweka ruta. Nilikuja nayo kutoka huko huko. Ina antena nne zilizosimama kama pembe na taa tatu za kijani. Majirani wakati huo walikuwa wakinunua bando la simu asubuhi, jioni limekwisha. Kwangu mtandao ulikuwa umetapakaa nyumba nzima mpaka uani kwenye kuku. Mgeni akiniuliza kile ni kitu gani, nilimweleza kwa kirefu, hata kama aliuliza kwa adabu tu.

Mke wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Temeke. Tulipohamia Chanika safari ikawa ndefu mno kwake, kwenda na kurudi, akaacha kazi. Hakulalamika. Alikaa mwaka mzima akilea kuku na kupanga sahani zangu kabatini. Kisha rafiki yake mmoja akamwelekeza kwenye ofisi fulani ya nje ya nchi inayotafuta walimu wa kufundisha wageni Kiswahili kwa njia ya video. Akaomba, wakamsikiliza, wakampa wanafunzi watatu wa majaribio. Walimwambia kwamba wakiridhika naye watamwajiri moja kwa moja.

Sijawahi kumwona na furaha ile, hata siku ya harusi yetu. Alitundika kitenge ukutani chumbani, akaweka meza ndogo mbele yake, na laptop yake ya zamani juu ya meza. Ikifika saa kumi alasiri, Jumatatu hadi Alhamisi, amekwisha jifunga kilemba na anangoja. Siku moja nilirudi mapema nikasimama mlangoni kusikiliza. Alikuwa anamfundisha bibi mmoja wa Kizungu, nesi mstaafu, kuitikia shikamoo. Bibi hataki kusema marahaba, anadai yeye bado si mzee.

"Bibi," mke wangu alimwambia, "huku uzee ni cheo. Ukikataa marahaba utakuwa umejishusha mwenyewe."

Wakacheka wote wawili, mmoja Chanika, mwingine sijui wapi kwenye baridi. Nilisimama pale nikijivunia. Nilijivunia mtandao wangu.

Wiki ya tatu, kiangazi kilipokolea, mtandao ukaanza kukatika.

"Leo umekatika mara tatu," aliniambia nilipofika nyumbani. "Bibi wa watu kaganda kwenye skrini mdomo wazi kama samaki changu sokoni. Nikiingia tena, dakika tano, unakatika."

Nikatazama juu ya kabati. Taa tatu za kijani, zinawaka vizuri. Nikachukua laptop yake, nikafungua video moja nzito, ikacheza mwanzo mpaka mwisho bila kukwama. Nikamwonyesha.

"Mbona unafanya kazi?"

"Sasa hivi unafanya. Saa kumi haufanyi."

"Mtandao hauna saa, mke wangu. Si swala ya alasiri huu."

Hata hivyo nililivaa suala lile kama kazi ya mteja. Nilizima ruta na kuiwasha. Nikaifuta waifai kwenye laptop nikaiunganisha upya. Nikabadilisha chaneli, nikidhani mitambo ya majirani inagombana na wetu, ingawa jirani wa karibu hana hata redio. Nikasasisha programu ya kadi ya waifai. Nikaizuia laptop isijipunguzie umeme yenyewe. Nikatembea nayo chumba kwa chumba nikitazama vijiti vya mawimbi vikipanda na kushuka, mpaka chooni. Yote hayo niliyafanya jioni baada ya kutoka kazini, na kila jioni mtandao ulikuwa mzima. Nikatoa hukumu: ubovu uko kwenye laptop yake.

"Limezeeka hilo lako," nilimwambia. "Na unafungua vitu vingi kwa mpigo."

"Nafungua darasa tu."

"Ndivyo unavyodhani."

Hapo akasema jambo ambalo kama ningelipa uzito, leo ningekuwa naandika habari nyingine kabisa.

"Mama bado anakifunika kile kidude mchana. Sijui kama ndo chenyewe, ila mwambie asikifunike. Mie siwezi kumwambia. Niliwahi kukitoa kitambaa siku moja, akanuna mpaka kesho yake. Wewe ni mwanawe."

Hapa lazima nimweleze mama yangu. Tunaishi naye. Ni mwanamke wa Temeke wa zamani, aliyelelewa kwenye nyumba ambamo kila chombo chenye thamani kina nguo yake. Redio ilikuwa na kitambaa, televisheni ilikuwa na kitambaa, hata jagi la maji lilikuwa na kitambaa chenye shanga pembeni. Vyote anavifuma mwenyewe. Barabara yetu haina lami, na alasiri upepo ukivuma vumbi jekundu huingia mpaka kwenye sukari. Kwa mama, kuacha chombo cha mwanawe wazi mbele ya vumbi lile ni uvivu, na yeye hajawahi kuitwa mvivu.

Tulipohamia tu, nilirudi siku moja nikakuta ruta imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Nilipandisha sauti. Nilimwambia sikukibeba kitu kile kutoka Uarabuni ili kije kuvalishwa shela kama bibi harusi. Nilitaka kionekane. Mama akakitoa kitambaa, akakikunja. Nikaona yamekwisha. Kumbe alinielewa kwa namna yake: kwamba mimi nikirudi nisikikute kimefunikwa. Basi upepo ukianza alikifunika, na akisikia honi ya gari langu getini alikifunua.

Mke wangu aliponiambia hilo nilicheka. Nakumbuka nilivyocheka, nikiegemea kabati.

"Kitambaa cha matundu? Mawimbi yanapenya ukuta wa tofali, yatashindwa kitambaa cha mama? Usiniaibishe. Mie nina diploma."

"Sawa," alisema. "Wewe ndo unajua."

Aliniamini. Ningependa kuandika kwamba alinitii tu, lakini haikuwa hivyo. Aliamini kwamba mume wake anajua, na kuanzia siku hiyo hakutaja tena kitambaa.

Ofisi ile ikamwandikia kwamba wanafunzi wamelalamika. Mwisho wa mwezi msimamizi mmoja angeingia darasani kumtazama akifundisha, na hapo ndipo wangeamua. Mke wangu akamwita kaka yake aje. Mimi sikuitaka safari hiyo. Shemeji yangu ana meza ya kutengeneza simu Buguruni, chini ya mwavuli, katikati ya kelele za wauza mitumba. Hana cheti cha kitu chochote. Alikuja Jumapili mchana, akaivua kofia mbele ya mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Huko Buguruni mnakulaga nini?"

"Vumbi, mama. Na chipsi."

Akaikagua laptop, akaitazama ruta, ambayo kwa kuwa nilikuwa nyumbani ilikuwa wazi tangu asubuhi. Aliigusa kwa kiganja. Kisha akakaa.

"Shemeji, laptop nzima. Kidude kizima."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

Akacheka. "Tulia, bosi wa Uarabuni. Nasema vitu ni vizima saa hii. Ugonjwa unaangaliwa ukiwa umepanda. Mie kesho saa nane nakuja, nakaa hapa sebuleni na kahawa ya mama. Ukikatika niwe nautazama. Ishu ikitokea mbele ya macho haina pa kujificha."

Mke wangu alinitazama. Tumaini lilikuwa wazi usoni pake. Mama naye alikwisha kubali, anauliza kahawa iwe na tangawizi au isiwe nayo.

Na mimi nikakataa. Nilisema siwezi kuwa na mtu wa kukaa sebuleni kwangu kulinda mtandao wangu wakati sipo. Nilisema jambo hili ni la kitaalamu. Nilisema, Mungu anisamehe, kwamba tofauti ya fundi wa mezani na fundi wa diploma ni kwamba wa diploma hahitaji kuvizia.

"Sawa shemeji," alisema, akavaa kofia. "Ila hata daktari anavizia homa."

Alipoondoka mke wangu akajaribu njia ya mwisho. "Basi tuvute waya kutoka kwenye ruta mpaka chumbani. Siku hiyo moja tu."

"Waya upite juu ya marumaru zangu? Hapa si kibanda umiza cha kuonyeshea video."

Katika kazi yangu mwenyewe ninajua kila alichosema shemeji yule. Mteja akiniambia kiyoyozi kinajizima mchana, siendi asubuhi. Naenda saa nane jua likiwa kali, nakaa chini ya mashine na kungoja izime. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hivyo ndivyo nilivyojenga jina kuanzia Kinondoni mpaka Temeke. Kwa watu baki nilikuwa fundi. Nyumbani kwangu nilikuwa mwenye ruta.

Siku ya mtihani wa mke wangu nilimwahidi kurudi mapema. Mchana ule nilikuwa kwa mteja Kinondoni. Kiyoyozi chake kilikuwa kinajikata kila baada ya muda. Nikapanda nyuma ya nyumba nikakuta mashine ya nje wameifunika turubai ili isichafuke na kinyesi cha ndege. Nikamwita mwenye nyumba, nikamsimamisha juani, nikampa somo. Nilimwambia mashine inapumua kama mtu. Ukiifunika, joto lake linairudia yenyewe, na ikizidiwa inajizima ili isiungue. Ikipoa inawaka tena, nawe unadhani umeme ndio mbovu. Nilizungumza kwa ufasaha sana. Yule bwana aliitikia kila neno, na mimi nikaendelea hata alipokwisha kuelewa, mpaka nikachelewa kuondoka.

Nilifika Chanika yapata saa kumi na nusu. Sikupiga honi getini, maana nilijua darasa linaendelea. Niliingia polepole kwa mlango wa mbele.

Jua la alasiri lilikuwa limejaa dirishani, linapiga moja kwa moja kwenye kabati. Juu ya kabati, chini ya diploma yangu, hapakuwa na ruta. Palikuwa na kitu kilichofunikwa kitambaa cha kijani cha kudarizi, kizito, chenye bitana, kile ambacho mama hukitoa sikukuu tu. Chini yake kilichungulia kile cheupe cha siku zote. Mama alikuwa amekaa mkekani, tasbihi mkononi, anamwombea mkwewe.

"Umekuja kimya," alisema akishtuka. Akainuka haraka kwenda kukifunua, kisha akatabasamu. "Leo siku kubwa ya mwenzio, nikakivalisha kile kizuri."

Nilinyoosha mkono nikauingiza chini ya vitambaa. Plastiki ya ruta ilikuwa ya moto kiasi kwamba niliuondoa mkono. Hakuna taa iliyowaka. Nikiwa bado nimesimama, taa moja ikawaka, ikapepesa, ikazima tena.

Nilielewa yote kwa mara moja, na maneno niliyokuwa nayo kichwani yalikuwa yale yale niliyotoka kumwambia yule bwana wa Kinondoni.

Nikavivuta vitambaa vyote viwili. Nikamwambia mama kwa sauti ya chini, "Usikifunike tena, mama. Kinaungua." Akaziba mdomo kwa mkono. Nikamwambia si kitu, asiwe na wasiwasi. Kisha nikaenda chumbani.

Mke wangu alikuwa amekaa mbele ya kitenge chake, mikono imelala mezani. Kwenye skrini kulikuwa na uso wa mtu ulioganda, jicho moja limefumba.

"Mara nne," alisema. "Wamesema basi. Watanitumia ujumbe."

"Ni watu wa kampuni ya mtandao," nikajibu. "Laini zao huku pembezoni ni mbovu. Nimewapigia."

Sikuwa nimempigia mtu yeyote. Vitambaa vilikuwa kwenye mfuko wa koti langu la kazi, bado vina joto.

Ujumbe ulikuja kesho yake. Walimsifu ufundishaji wake. Wakamwomba aeleze chanzo cha tatizo ni nini na kama limekwisha rekebishwa, ndipo waamue. Mke wangu alinipa laptop nimwandikie, kwa sababu Kiingereza changu ni cha kazini na nimezoea barua za namna hiyo. Nilikaa mezani pale muda mrefu. Kulikuwa na sentensi moja tu ya kuandika: kifaa kilikuwa kinazidiwa na joto kwa kufunikwa, tumeondoa kifuniko, hakitakatika tena. Ingemgharimu nini mtu kuandika hivyo? Ingenigharimu mimi kumtazama shemeji Jumapili. Ingenigharimu kile kicheko changu kando ya kabati.

Niliandika kwamba tatizo liko kwenye miundombinu ya kampuni ya mtandao katika eneo letu, kwamba lipo nje ya uwezo wetu, na kwamba tunafuatilia. Ilikuwa barua nzuri. Mke wangu aliisoma akanishukuru.

Wakajibu kwa upole. Kwa kuwa tatizo liko nje ya uwezo wake na halina tarehe ya kumalizika, hawawezi kumkabidhi wanafunzi. Wanamtakia heri.

Baada ya hapo mtandao haukukatika tena. Mwezi ukapita. Shemeji akaja kula nasi Jumapili, wali na samaki wa nazi, akasikia dada yake akisema mtandao sasa ni mzima wakati hana kazi nao.

"Kampuni walikuja kutengeneza?" aliniuliza.

Kabla sijameza tonge, mama akajibu. Alijibu kwa moyo mweupe, kama mtu anayekiri kosa lake dogo mbele ya wanawe.

"Kampuni gani? Ni mimi mwanangu. Nilikuwa nakifunika, kumbe kinaungua. Mwenyewe kaja kanikataza, kavichukua na vitambaa vyangu hajavirudisha."

"Lini, mama?" mke wangu aliuliza.

"Si siku ile ya mtihani wako."

Shemeji aliliweka tonge chini. Alitazama sahani yake. Mke wangu alinyoosha mkono akachukua bakuli la mchuzi, akamwongezea kaka yake, akamwongezea mama, akaliweka chini.

Jioni, shemeji alipokuwa amekwisha ondoka, mke wangu alinikuta uani.

"Barua uliiandika kabla ya kutoa kitambaa au baada?"

"Baada."

Alitikisa kichwa kidogo, kama anavyofanya mwalimu, mwanafunzi akitoa jibu ambalo yeye alikwisha lijua. Hakuniuliza sababu. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo, nina maelezo mengi, na mpaka leo ninayo, hakuna aliyeyahitaji.

Usiku haukupita nikaandika barua ya pili, ya kweli, nikaituma bila kumwambia. Walijibu baada ya siku chache kwamba wanafunzi wamekwisha pata mwalimu mwingine. Nikampelekea jibu lile jikoni alikokuwa akichambua mchele. Akalisoma lote, akanirudishia laptop kwa mikono miwili, kama inavyorudishwa mali ya mtu.

"Bibi yule sasa anaitikia marahaba," alisema. "Alikubali siku ya mwisho kabla ya mtihani. Nilisahau kukwambia."

Akaendelea na mchele.

Laptop ipo kabatini, nyuma ya sahani. Mama nilimrudishia vitambaa vyake, nikamwomba radhi kwa kumpandishia sauti mwaka ule tulipohamia, naye akashangaa, alikuwa amesahau. Siku hizi najitahidi kurudi saa kumi. Jua hupiga kabatini, upepo hutimua vumbi la barabarani, na ruta inawaka taa zake tatu, imevaa vumbi jekundu ambalo hakuna anayelifuta. Kitenge bado kimetundikwa ukutani chumbani. Nilipotaka kukishusha nimsaidie kufua, mke wangu alisema kiache, hakijachafuka.

Diploma nimeihamishia chumba cha stoo. Mgeni akiuliza ilipokwenda, nasema ukuta ule una unyevu.